Gari la umeme la mtumba: gharama zake halisi na matatizo niliyokutana nayo

Gari langu la umeme nililinunua likiwa limeshatumika miaka sita. Ni gari dogo la milango mitano, betri yake ya uniti 40, yaani kilowati-saa 40 lilipotoka kiwandani. Ndilo ninaloendea kazini na ndilo linalobeba familia, na leo ningelinunua tena. Lakini ningelikagua vilevile nilivyolikagua mara ya kwanza, maana gari la umeme lililotumika linaweza kung'aa rangi na viti huku kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani yake kimeshachoka.

Kitu hicho ni betri kubwa. Yangu niliipokea ikiwa na afya ya asilimia 85, kwa hiyo uniti 40 zilikuwa zimebaki 34. Kwa mwendo wa kawaida gari hili linakula kama uniti 16 kwa kilomita 100, hivyo chaji kamili ni kilomita 210 hivi. Hata hivyo, hakuna anayetoka na asilimia 100 akaendesha hadi 0. Wengi wetu tunacheza kati ya 80 na 20 ili betri idumu, na hapo zinabaki kilomita 125 tu. Ukiingia barabara kuu ukashikilia kilomita 110 kwa saa, ulaji unafika uniti 20 na zile 125 zinakuwa 100. Piga hesabu hii kwa safari zako mwenyewe kabla ya kusikiliza bei.

Namba ya kilomita zilizobaki inayoonekana kwenye dashibodi isikushawishi. Ni makadirio, na gari huyakadiria kwa kuangalia lilivyoendeshwa siku za karibuni. Likitembezwa polepole kwa muda, namba inapanda bila betri kubadilika chochote.

Nilichokiamini mimi ni kidude kidogo cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye tundu la OBD chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu. Kinaonyesha afya ya betri na volti za seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa. Cha muhimu ni wakati wa kupima. Betri ikiwa imejaa, seli dhaifu inafanana na nzima. Niliomba tulijaribu gari chaji ikiwa imeshuka karibu na asilimia 20, nikakanyaga pedali kwa nguvu huku mwenzangu akisoma simu. Seli zote zilikuwa karibu volti 3.5, zikashuka pamoja na kurudi pamoja. Ingekuwepo moja inayoanguka peke yake, nisingelichukua, kwa sababu seli moja mbovu ndiyo inayoamua mwisho wa chaji kwa betri nzima: gari linakata nguvu wakati seli nyingine bado zina umeme. Betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfati) zina tabia tofauti. Volti zao hazibadiliki sana chaji inaposhuka, na watengenezaji wengi hutaka zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili gari lijue kiwango sahihi.

Uliza pia gari limeishi wapi. Joto huchakaza betri za lithiamu hata gari likiwa limeegeshwa, hasa likikaa limejaa chaji. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, halikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji katika vizazi vyake viwili vya kwanza, na yale yaliyotumika sehemu za joto kali yalipoteza uwezo mapema. Hilo halimaanishi uliepuke. Maana yake ni kwamba magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana sana, na bei inapaswa kufuata betri iliyopo.

Baada ya ukaguzi wote huo, kilichonikwamisha barabarani ni betri ndogo ya volti 12! Kubwa ilikuwa na chaji zaidi ya nusu, lakini gari halikukubali kuwaka. Taa zilicheza, kioo cha dashibodi kikajaa maonyo ya breki, usukani na mfumo wa umeme, na gia haikuingia. Fundi wa kwanza alishaanza kuniambia kompyuta ya gari imekufa. Ukweli ni kwamba betri hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na gari. Ikikosa nguvu, umeme wote uliomo chini ya sakafu haufiki popote. Tuliweka mpya na maonyo yote yakafutika. Bei yake ni ndogo, na ndiyo maana inauma kuona watu wakitozwa pesa za kompyuta nzima. Kama haijulikani ilibadilishwa lini, ibadilishe tu.

Oili ya injini, plagi, mkanda wa injini na ekzosi nimevisahau kabisa. Matairi hayasahauliki. Gari ni zito kwa umbo lake na mota inatoa nguvu yote mara tu unapokanyaga, kwa hiyo matairi ya mbele yanaisha upesi. Tazama namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, iliyoandikwa ubavuni mwake. Ukiweka linalobeba uzito mdogo kwa sababu ni rahisi, unahatarisha watu. Kwangu matairi ndiyo gharama kubwa ya matunzo. Breki ni kinyume: pedi zinadumu kwa kuwa mota yenyewe inapunguza mwendo, ila diski zinashika kutu na kalipa zinakwama kwa kutotumika. Zikaguliwe, na mafuta ya breki yabadilishwe kwa muda wake.

Kuhusu umeme wenyewe. Soketi ya kawaida yenye ampea 10 kwa volti 230 inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo kurudisha uniti 20 ni kazi ya usiku mzima. Soketi za nyumbani hazikuundwa kubeba mzigo wa namna hiyo saa nyingi mfululizo. Yangu ilipata joto na plagi ikaanza kugeuka rangi ya kahawia pembeni. Niliacha kuitumia siku hiyohiyo, nikaita fundi umeme akavuta waya wa peke yake wenye breka yake. Weka gharama hiyo ndani ya bei ya gari. Kumbuka pia kuna umeme unaopotea njiani: gari likihitaji uniti 16, mita yako inahesabu karibu 18. Kwa hiyo zidisha bei ya uniti moja kwa 18, kisha bei ya lita ya petroli kwa 7, yaani lita ambazo gari dogo la petroli hula kwa umbali huo, uone tofauti kwa kila kilomita 100. Rudia kwa bei ya chaja za haraka za umma, kwani huko faida inaweza kuyeyuka yote. Asiye na mahali pa kuchaji nyumbani wala kazini, gari la umeme la betri ndogo simshauri.

Tundu la kuchaji nalo lazima lioane na chaja za mahali ulipo. CHAdeMO, CCS na GB/T, aina tatu za tundu la kuchaji haraka, haziingiliani, na magari yanayotoka nje huja na la kwao. Bima niliiulizia kabla ya kulipa, kwa sababu sahani ya chini inayokinga betri ikigongwa, matengenezo ni ghali mno. Dhamana nyingi za betri ni miaka 8 au kilomita 160,000. Hakikisha kwa maandishi kwamba inamfuata mmiliki mpya. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse fundi yeyote ambaye hakusomea umeme wa volti kubwa, hata akiwa hodari wa injini kiasi gani.