Kuchakaza Sanamu Kubwa ya Vita: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Askari wa kawaida wa Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo za kupaka rangi, anasimama kwenye kitako cha duara cha milimita 32. Imperial Knight, lile jitu la chuma ambalo Games Workshop ya Nottingham ililitoa kwa plastiki mwaka 2014, linahitaji kitako cha milimita 170 kwa 105. Hapo ndipo hesabu za ununuzi zinapoharibika. Mtu amezoea kumaliza askari kumi kwa vichupa viwili vya rangi ya kivuli, ile nyepesi inayotuama kwenye mashimo. Akipata jitu, anaagiza vinne. Anapaka, analala, asubuhi anakuta mabamba ya mabegani yana madoa yenye kingo, kama shuka lililomwagikiwa chai.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa vifaa vya kuchakaza, yaani kulipa jitu sura ya chuma kilichotumika, chenye kutu na vumbi, haufuati bei wala umaarufu. Naangalia kama kitu kinanipa muda wa kukosea na kufuta kwenye bamba pana. Na kwa kuwa niko Dar, naangalia pia kama kitafika.

Namba moja: rangi ya mafuta ya wachoraji

Shika hilo neno "wachoraji". Ukiomba rangi ya mafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi utapewa ya mageti na madirisha, na hiyo haitufai. Tunataka ya kwenye tyubu, wanayonunua wachoraji wa picha. Winton ya Winsor & Newton, tyubu ya mililita 37, inatosha kabisa. Abteilung 502 za mililita 20 zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa modeli, ni nzuri, ila mpaka zikufikie utakuwa umelipia zaidi safari kuliko rangi. Anza na Burnt Umber, kahawia iliyokoza. Ukipata nafasi ongeza Burnt Sienna, ambayo ni kutu yenyewe. Nyeusi iache, uchafu mweusi tii nimeuona gereji tu.

Kinachoipa nafasi ya kwanza ni uvivu wake wa kukauka. Rangi ya akriliki, ile ya maji, ikigusa bamba una dakika chache tu. Hii unaweza kuiweka, ukala, ukarudi ukaifuta. Kamulia kidogo juu ya kipande cha boksi na ukiache nusu saa, boksi linyonye mafuta yaliyozidi, la sivyo sanamu litang'aa kama limepakwa samli. Zimua na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Gusisha ncha ya brashi kwenye ufa kati ya mabamba mawili, kisha tulia. Utaiona inakimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka kona ya mwisho bila wewe kuisukuma. Mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaangalia, akarudi jikoni.

Kwa michirizi ya mvua, weka nukta ndogo za rangi isiyozimuliwa chini ya boliti, halafu zivute kuelekea chini kwa brashi bapa iliyolowa tapentaini kidogo tu. Ukikosea, pamba ya masikio inafuta kila kitu, ilimradi chini kuna rangi ya akriliki iliyokauka na koti la vanishi ya kung'aa iliyolala siku nzima. Tyubu yangu ina miaka mitatu, imepitia Knight wawili na vifaru kadhaa, na bado imenona.

Sasa tapentaini. Hapa niliumia, na niliumia kwa hela nyingi. Nilikwenda dukani, nikamwambia kijana wa kaunta, "Kaka, nipe tapentaini nusu lita." Akanishushia chupa isiyo na lebo. Nikamuuliza kama ndiyo yenyewe. "Bosi, tina na tapentaini kitu kimoja hicho." Nikamwamini. Jioni ile mguu wa Knight ulianza kunata kama ubani uliotafunwa, boliti za plastiki zikalainika zikapotea. Tina ya kupulizia magari inayeyusha plastiki ya polisitirini. Tapentaini haiyeyushi hivyo, ingawa nayo ikituama kwenye plastiki isiyopakwa inaweza kuipasua kwenye maungio. Nunua chupa yenye lebo, na uijaribu kwanza kwenye fremu zinazobaki baada ya kukata vipande. Na fungua madirisha.

Namba mbili: sponji, ambayo huinunui

Kile kipande cha povu kinachokuja ndani ya boksi la simu kinatosha. Kinyofoe, usikikate kwa mkasi, maana kingo zilizonyooka zinaacha alama zilizonyooka. Chovya kwenye kahawia ya akriliki iliyokoza, gonga juu ya karatasi mpaka ionekane kama imekwisha, halafu gonga kwenye kingo za mabamba. Hapo ndipo rangi inapobanduka kwenye chuma cha kweli: kingoni, mlangoni, panapokanyagwa, siyo katikati ya bega. Kama unabisha, panda pantoni ya Kigamboni na uangalie ile njia ya chuma inayoshushwa magari yapite. Mimi pale huwa napiga picha za kutu mpaka watu wananishangaa.

Cha kununua hapa ni kichupa kimoja tu cha akriliki. Vallejo ya Hispania au Citadel ya Games Workshop wenyewe, yoyote. Akriliki ni ya maji, inasafiri bila matatizo.

Namba tatu: unga wa rangi

Vumbi la miguuni halina mbadala. Vichupa vya unga vya Vallejo au vile viboksi vya Tamiya vinavyofanana na vipodozi vya uso, vyote vinafaa. Vya Tamiya vina unata kidogo, kwa hiyo mwanagenzi anahangaika navyo kidogo zaidi. Chagua rangi moja ya udongo inayolingana na kitako chako. Watu wengi wananunua sita, wanatumia moja. Kumbuka tu kwamba vanishi ikipita juu ya unga, nusu ya vumbi inatoweka machoni, kwa hiyo unga uwe wa mwisho.

Namba nne: spreyi ya nywele

Ndiyo, ya saluni. Unapaka rangi ya kutu, unaikinga kwa vanishi, unapuliza spreyi ya nywele makoti mawili, juu yake unapaka rangi ya jeshi lako kwa akriliki. Baada ya kama nusu saa unalowesha kwa maji na kusugua kwa brashi ngumu. Maji yanalainisha spreyi, rangi ya juu inabanduka vipande vipande kama ukuta wa pwani. Hakuna kinachofanana na chuma zaidi ya hiki. Nimeiweka ya nne kwa sababu koti la juu likiwa zito halibanduki, na wembamba unaotakiwa ni vigumu kuupata bila brashi ya hewa, kile kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa. Kama unayo brashi ya hewa, ipandishe iwe ya pili.

Za chini

Rangi za enameli zilizozimuliwa tayari kwa kuchakaza, kama Streaking Grime ya AK Interactive, zingekuwa namba mbili kama ningekuwa naishi Uingereza. Zinafanya kazi ileile ya rangi ya mafuta, na hukauka mapema zaidi. Lakini zina kimiminika kinachowaka, na mizigo ya ndege haivipendi vitu hivyo. Makopo ya kupuliza yana balaa hilohilo; usimwombe shangazi anayerudi kutoka London akufichie moja kwenye sanduku.

Rangi za kivuli kama Nuln Oil ya Citadel, kichupa cha mililita 18, zibakie kwenye mabomba, gia na mifupa ya jitu, penye mashimo ya kuzishika. Huko ni nzuri mno. Mabamba usiyaguse nazo.

Typhus Corrosion, rangi yenye chembechembe za kutu, ni ya mabomba ya moshi tu. Na yale maseti ya kuchakaza yenye chupa nane siyapendekezi kwa mtu yeyote anayenunua jitu lake la kwanza: tano kati ya hizo zitakaukia kabatini.

Kitu cha mwisho cha kuweka kwenye oda ni vanishi isiyong'aa, na chukua ya chupa ya kupaka kwa brashi, uipake kabla ya unga. Ya kopo la kupuliza, hata ukiipata mjini, ikikutana na unyevu wa Machi na Aprili inageuka ukungu mweupe juu ya kazi ya wiki tatu. Ukilazimika kupuliza, subiri mchana jua likiwa limekausha hewa, na uanzie na kipande usichokipenda.