Roboti ya Kugeuka Lori: Nilichokipata kwa Shilingi 1,800

Roboti ninayoieleza hapa ni kichwa cha lori, chekundu mbele na buluu nyuma, ambacho kikikunjuliwa huwa mtu wa plastiki mwenye kimo cha sentimita 18 hivi. Niliinunua Malindi, katika duka la vitu vya watoto karibu na soko, nikiwa njiani kurejea Amu (Lamu) kabla ya Idi, na baada ya kupatana nililipa shilingi 1,800. Sanduku lake halikuwa na jina la kampuni wala la nchi ilikotengenezwa; lilikuwa na picha ya vita vya roboti iliyochorwa kwa ustadi, na maneno machache ya Kiingereza yaliyoendelezwa vibaya. Mwenye nayo ni mwanangu wa miaka 9, ambaye ameichezea karibu kila siku tangu sikukuu, barazani, chumbani na hata ufukweni nilikomkataza, kwa hiyo ninayoyasema hayatokani na kuitazama tu ikiwa kabatini.

Nilijua tangu dukani kuwa ni kopi. Umbo la lori hilo ni la Optimus Prime, roboti ambayo kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1984 katika mfululizo wa Transformers, baada ya kuchukua vichezeo vya Diaclone na Microman vilivyobuniwa na kampuni ya Takara ya Japani na kuvipa majina na visa vipya. Kwa kuwa umbo hilo linajulikana kote, ndilo linaloigwa kuliko mengine yote. Sina kinyongo na kopi kwa sababu tu ni kopi, maana mzazi wa hapa hununua kinachopatikana na kinachomudika. Swali langu lilikuwa kama fedha hizo zilikwenda mahali pake, na jibu nimelipata katika viungo.

Watu wengi wakikishika kichezeo cha namna hii dukani hukipima kwa uzito na kwa mng'aro wa rangi. Uzito hudanganya, kwa kuwa kipande cha chuma kilichotiwa kifuani huifanya roboti ionekane ya thamani huku kikiilemea miguu yake yenyewe. Rangi nayo hudanganya kwa sababu ndiyo kazi rahisi kuliko zote kiwandani. Kichezeo kinachogeuka umbo kwa hakika ni mkusanyiko wa bawaba, pini na viungo vya tufe (kijitufe kinachozunguka ndani ya tundu), na kila mara mtoto anapokigeuza, mzigo wote huangukia hapo. Jirani yangu, fundi wa kuchonga milango, aliigeuzageuza mkononi bila hata kuitazama sura yake, akaivuta bega, kisha akaniambia, "Shekhe, huu ni mlango uliotiwa kabla ya kupimwa kizingiti." Milango ya kale ya mji wetu haina bawaba, huzunguka juu ya ncha zinazoingia katika matundu ya kizingiti, na tundu likipita kiasi kwa unene wa kucha tu, mlango huinama na kuburura sakafu. Sikupata maelezo bora zaidi ya hayo kuhusu bega la roboti yetu.

Sababu ya kasoro hiyo inaeleweka. Vichezeo hivi hutengenezwa zaidi kwa plastiki ya ABS, ambayo ni ngumu na hupokea rangi vizuri, na sehemu zinazosuguana huwa aghalabu za asetali, plastiki nyingine ambayo ni telezi na haimomonyoki upesi. Plastiki ikipoa ndani ya kalibu hunywea: ABS kwa chini ya asilimia 1, asetali kwa kiasi kinachokaribia asilimia 2. Mtengenezaji anayesanifu kwanza hupima kunywea huko na kuchonga kalibu zake za chuma ipasavyo, na sehemu kubwa ya gharama hulala hapo. Anayeiga kwa kupima kichezeo kilichokwisha kutengenezwa huanza na vipimo vilivyokwisha kunywea, kisha vyake navyo vinanywea tena. Na akikikuza ili kionekane cha thamani zaidi, kosa hukua pamoja nacho. Ndiyo maana paneli za ubavuni za lori letu hazikuwahi kukutana sawasawa, na kioo cha mbele huchomoka ukibana milango.

Nilipata bahati ya kuilinganisha na orijino. Dada yangu anayeishi Maskati alipokuja likizo, mwanawe alikuwa na lori la kimo kama hicho hicho, la daraja linaloitwa Voyager, ambalo Marekani limekuwa likiuzwa kwa karibu dola 35 katika miaka ya karibuni. Tuliyaweka mawili hayo juu ya mkeka, na watoto wakayageuza wakishindana. Tofauti ya kwanza tuliisikia kabla ya kuiona, kwani mabega na nyonga za orijino zina viungo vya meno vinavyolia kwa mkato kila vinaposogezwa na kubaki vilipowekwa, ilhali vya kwetu vinategemea msuguano peke yake. Mkono wa kwetu ukiinuliwa ukiwa umeshika bunduki, hushuka polepole hadi pajani. Bunduki yenyewe haikai, kwa sababu tundu la kiganja lina upana wa milimita 5, kipimo kinachotumika katika roboti nyingi za aina hii ili silaha ziweze kubadilishana, lakini mpini wa bunduki yetu ni mwembamba kuliko tundu hilo. Tulipoitia bunduki ya mpwa wangu ilikaa barabara, jambo ambalo lilimfurahisha mwanangu na kumkasirisha mwenye bunduki.

Niseme pia kwa haki yale ambayo kopi imefanya vizuri. Rangi nyekundu haijabanduka isipokuwa kwenye ncha za magoti. Magurudumu yanazunguka, na lori linakwenda vyema kwenye sakafu ya chokaa. Idadi ya hatua za kuigeuza ni ile ile ya orijino, kwa kuwa wameiga kila kiungo, na mtoto aliyekosa subira mwanzoni sasa huigeuza huku akizungumza mambo mengine. Kwa mtoto wa Amu, ambaye mitaa ya kwao ni ya punda na watu wa miguu na malori halisi huyaona zaidi akivuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, lori lenye matairi sita linalosimama na kuwa mtu ni jambo kubwa, na furaha hiyo haikupungua kwa sababu ya asili ya kiwanda.

Kilichonisikitisha zaidi ni jinsi ilivyochakaa kwa hewa ya hapa. Skrubu za mgongoni zilianza kuonyesha kutu kabla Kusi haijakolea, na pini ya chuma ya kiwiko kimoja ikavimba kwa kutu hiyo hata plastiki inayoizunguka ikapata mstari mweupe, ambao ni dalili kuwa imelemewa na karibu itapasuka. Mkaazi wa pwani yeyote anajua chumvi inavyofanya kazi, lakini kiwango cha chuma nacho kina sehemu yake: lori la mpwa wangu lilipitia hewa ya bahari ya Maskati bila doa. Jua pia si rafiki, hasa kwa sehemu nyeupe na za kijivu, kwani mwanga wake huigeuza ABS kuwa ya manjano na kuipunguzia uimara. Hilo huzipata hata orijino, na ndiyo sababu sasa roboti hailazwi tena dirishani. Stika za kifuani zilibanduka zenyewe kwa unyevu, hizo sikuzisikitikia.

Kuna suala la usalama ambalo sikulipuuza. Macho ya roboti yetu huwaka kwa betri ndogo za saa, na kifuniko cha betri hizo kilifungwa kwa kubanwa tu, bila skrubu. Betri ya namna hiyo ikimezwa na mtoto mdogo na kukwama kooni inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili, na nyumbani kwetu kuna mtoto anayetambaa. Nilizitoa siku ile ile, na macho hayajawaka tena. Sandukuni hapakuwa na onyo la umri, wakati orijino za daraja hili huandikwa kuwa ni za miaka 8 na kuendelea, na hapakuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inayopaswa kubandikwa kwenye bidhaa zinazoingizwa nchini.

Juu ya matengenezo, viungo vya tufe vilivyolegea nilivikaza kwa kupaka vanishi ya kucha isiyo na rangi juu ya tufe, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha kiungo, na mpaka leo magoti yanashika. Gundi kali sikuitumia, maana ikishuka ndani ya tundu hukifunga kiungo moja kwa moja. Kiwiko chenye kutu hakina dawa. Mwenye orijino anaweza angalau kutafuta sehemu moja iliyovunjika kutoka kwa wakusanyaji wanaouziana vipande; kwa kichezeo kisicho na jina, hujui hata pa kuanzia kuuliza.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba shilingi 1,800 zilikuwa nyingi kwa kitu hiki. Kwa 700 au 800 nisingelalamika, kwa sababu msimu mmoja wa mchezo una thamani yake. Anayetaka zawadi ya kudumu na hana uwezo wa kununua orijino kubwa, namshauri aachane na kopi kubwa achukue orijino ndogo, zile za kimo cha sentimita 9 hivi ambazo viungo vyake ni vichache na bei yake Marekani ni kama theluthi ya Voyager. Hata ukiongeza nauli na faida ya muuzaji, gharama haitakuwa mbali na niliyolipa. Na dukani aombe sanduku lifunguliwe, anyooshe mkono wa roboti mbele, auache bila kuushika na kuutazama kwa muda. Ukishuka, arudishe. Muuzaji wangu wa Malindi alinung'unika nilipotaka kufungua, akasema sanduku likichanika haliuziki, nami nikaona haya kuendelea kumsumbua kwa kuwa adhana ya Alasiri ilikuwa imeadhiniwa na basi langu lilikuwa karibu kuondoka. Mwanangu sasa anataka roboti ya ndege, na nimemwagiza dada yangu ile ndogo.