Miaka mitatu na vitasa vya kujificha vya gari ya umeme, hapa Mtwara: uzoefu wangu

Nimekaa na hii gari miaka mitatu na miezi kama minne, kilomita 61,000 na kitu, nadhani sa hivi naweza kuongea. Watu wakinikuta Chikongola wanauliza betri, wanauliza inaenda umbali gani, umeme ukikatika unafanyaje mama, hakuna hata mmoja alieniuliza vitasa vya milango, wakati hela yangu karibu yote ya gereji imeishia kwenye vitasa. Ndo mana nimeona niandike, kwa yeyote anaefikiria kuagiza gari ya aina hii na anaishi pwani kama sisi.

Gari ni ya Kichina ya mwaka 2021, niliagiza used, jina la kampuni siliandiki mana hili jambo si la kampuni moja, vitasa hivi wanaweka wengi. Kwa asievijua, gari ikiwa imefungwa vitasa vinazama ndani ya mlango, bodi inakuwa flati huoni pa kushika, ukisogea na rimoti vinachomoza vyenyewe, ukiondoka vinarudi. Waliovipa umaarufu ni Tesla na Model S yao mwaka 2012. Wanasema ni kwa ajili ya upepo, gari ikate hewa vizuri betri ifike mbali, na ni kweli vinasaidia ila kidogo sana, mimi naona kikubwa ni urembo. Na vinapendeza jamani, siku za mwanzo watoto wa kwetu Shangani walikuwa wanakaa ukutani wanasubiri nitoke nifungue gari wavione.

Mwaka wa kwanza sina lalamiko lolote. Nauza pembejeo, nazunguka Tandahimba, Newala, mara mojamoja Lindi, nachajia nyumbani usiku kwa luku, mlima wa Newala inapanda vizuri tu. Habari za betri kubwa naishia hapo, haijanisumbua.

Mwezi wa 14 kitasa cha abiria wa mbele kikaanza kuchelewa. Vitatu vinatoka pamoja, hiki kimoja unasikia krrr ndani ya mlango, halafu ndo kinakuja. Nikapuuza, wiki kama sita baadae kikatoka nusu kikaganda palepale, hakiingii hakitoki, na nilikuwa na safari ya Tandahimba siku hiyo nikaenda nacho hivohivo na kurudi.

Nikampelekea kijana wetu mmoja anaefanya wayaringi, hajawahi kufungua gari ya umeme lakini mlango ni mlango, akatoa kava, akabandua lile nailoni la kuzuia maji, akakitoa kitasa kizima akakiweka juu ya meza. Hapo ndo nikaona nilichonunua. Kitasa cha gari niliyokuwa nayo kabla kilikuwa kipande cha plastiki, springi na fimbo inayovuta loki, basi. Hiki kina mota ndogo kama dole gumba, gia, swichi mbili ndogo mno, na waya mwembamba unaojikunja na kujinyoosha kila kitasa kinapotoka na kurudi. Ukivuta, huvuti loki, unabonyeza swichi inayoiambia gari ifungue mlango. Yaani rimoti isikike, mota izunguke, gia ishike, swichi iguse, loki ipate umeme, kimoja kikigoma hapo katikati umebaki nje.

Soketi ya waya ilikuwa na kutu ya kijani na miguu yake imekuwa myeusi. Akaniangalia akauliza, "Mama, hii gari unabebea nini?" Nikamwambia salfa. Wa kusini wananielewa, msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ile salfa ya unga inakaa kila mahali, kwenye nguo, kwenye nywele, unapiga chafya ya njano. Kumbe salfa ikikutana na unyevu inageuza shaba nyeusi, na nyumbani kwangu hadi baharini ni mwendo wa dakika tano kwa mguu, usiku mzima gari inapigwa na hewa ya chumvi. Ongeza na vumbi la kule mbele ya Mnivata barabara inapojengwa. Kitasa cha kawaida kikiingia vumbi kinakuwa kigumu unakivuta kwa nguvu kinafungua, hiki hakina cha kuvuta kwa nguvu.

Akasafisha soketi, akagundua na ule waya umekatika kwa ndani huku ganda lake zima, akaunga kwa risasi ya kuchomelea. Shilingi elfu 40. Kikafanya kazi miezi mitano kikakata tena palepale kwenye mkunjo, na simlaumu, waya ukishaungwa panakuwa pagumu haupindi tena vizuri. Nikaagiza kipya kupitia ajenti wa Kariakoo, hawauzi waya peke yake wala swichi peke yake, unanunua kitasa kizima, laki mbili na tisini kabla ya usafiri, meli karibu miezi miwili halafu basi mpaka huku. Muda wote huo abiria wangu wa mbele anafunguliwa na mimi kutoka ndani.

Kilichoniuma zaidi ni cha pili kufa, mana kilikuwa cha nyuma kushoto, mlango ambao kwa wiki unafunguliwa labda mara tatu. Nikajiuliza kimechokaje wakati hakitumiki? Jibu ni kwamba nikifungua mlango wangu vinachomoza vyote vinne. Piga hesabu, mimi napanda na kushuka si chini ya mara 12 kwa siku, kwa mwaka ni mara 4,380, na kitasa cha nyuma kimetoka na kurudi zote hizo bila mtu kukigusa. Niliponunua hakuna alieniambia kwamba kwenye skrini kuna sehemu ya kuzima visitoke vyenyewe, vitoke ukibonyeza rimoti tu. Kama unayo gari hii, leo hii nenda kwenye mipangilio ya milango utafute hiyo kitu, najuta sikuijua mapema. Cha tatu, cha upande wangu, kilifuata mwaka wa tatu mwanzoni.

Sasa hayo ni ya hela, yanauma yanapita. La Lindi ndo lilinifanya niogope.

Novemba mwaka jana, saa saba mchana, jua la Lindi mnalijua. Nimepaki kushusha mzigo wa mteja, mjukuu wangu wa miaka minne yuko nyuma kwenye kiti chake, vioo vimepandishwa, nikazima gari nikashuka, nikatoa mzigo buti nikafunga, nageuka kurudi gari imekufa. Rimoti haifanyi kitu, vitasa vimezama vyote vinne, na sikuwa nimefunga loki. Betri kubwa ilikuwa na asilimia 60, iliyokufa ni ile ndogo ya voti 12, mana milango, skrini na loki zote zinatumia hiyo ndogo. Mtoto akawa anabonyeza kitufe cha kufungulia kama nilivyomfundisha, anabonyeza ananiangalia, kitufe hakina umeme.

Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, nao una tundu lake pembeni ya kitasa cha dereva, limefunikwa na kifuniko kilichopakwa rangi ya gari usilione. Nilikuwa najua lipo ila sikuwahi kulifungua. Muuza madafu alikuwa karibu, akaja na kisu chake akaingiza ncha taratibu kifuniko kikaruka, ufunguo ukaingia ila hauzunguki, umejaa vumbi la miaka miwili. Mama wa mihogo ya kukaanga akaleta mafuta kwenye kijiko, tukadondoshea, nikazungusha kushoto kulia, kushoto kulia, mkono unanitetemeka, mara ya sita au ya saba ikakubali. Haikufika dakika 10, mtoto alikuwa ameloa jasho mpaka kiti kimelowa. Mwanaume mmoja alishaokota jiwe la kuvunjia kioo na ningemruhusu, kioo kinanunuliwa.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma. Kumbe Septemba 2025 Marekani mamlaka yao ya usalama barabarani ilifungua uchunguzi wa Tesla Model Y za mwaka 2021, kama gari 174,000, kwa malalamiko hayohayo, vitasa vya nje havifanyi kazi umeme wa betri ndogo ukishuka na wazazi wako nje watoto wako ndani, wengine walivunja vioo. Na China kwenyewe wanakotengeneza wameshatoa sheria, kuanzia tarehe 1 Januari 2027 gari mpya lazima mlango ufunguke kwa mkono bila kutegemea umeme, nje na ndani, na nje pawe na nafasi ya kuingiza vidole, aina za gari zilizokwishapitishwa kabla ya hapo zimepewa mpaka 2029. Nilifurahi kusikia, ila mnajua ninachowaza, hizi za zamani zitauzwa bei rahisi na zitakuja huku kwetu. Ukiletewa ofa nzuri ya gari ya 2022 au 2023, muulize anaekuuzia betri ndogo imebadilishwa lini, mwambie akuoneshe tundu la ufunguo na akuzungushie ukiona, na milango ya nyuma ndani ina kamba ya kufungulia kwa mkono au haina. Yangu ipo chini ya kifuniko kwenye mfuko wa mlango, nimekitoa kifuniko moja kwa moja na kamba nimeifunga kitambaa chekundu, mjukuu anaijua, mama yangu anaijua.

Mengine ninayofanya, betri ndogo nilibadilisha wiki ileile na nitakuwa nabadilisha kila mwaka wa tatu bila kusubiri ife. Salfa sibebi tena kwenye hii gari, nakodi kirikuu. Jumamosi namwagia vitasa maji baridi yasiyo na presha kutoa chumvi, nafuta, kila miezi mitatu fundi anapuliza dawa ya soketi, na tundu la ufunguo natia mafuta ya cherehani. Vitasa vitatu vipya vinafanya kazi vizuri mpaka sasa.

Kilichobaki cha zamani ni cha nyuma kulia. Ilikuwa nikibonyeza rimoti kinatoka palepale, leo asubuhi nimehesabu mpaka tatu ndo kimechomoza, na nimeshatuma hela kwa ajenti.