Spika za mikutano kwa mpangilio wa ubora: ipi inafuta mwangwi na ipi inamrudishia mwenzako sauti yake

Mtu anayenunua spika ya mikutano kwa kawaida huiwasha, humpigia mtu, na akisikia sauti inatoka kwa nguvu na bila mikwaruzo huamini kwamba amepata kitu kizuri. Jaribio hilo hupima nusu ya kifaa, tena nusu iliyo rahisi kuitengeneza. Mwangwi unaosababishwa na spika yako husikika kwa mwenzako wala si chumbani kwako: yeye husema neno, likatoka kwenye spika yako, likaingia kwenye maikrofoni yako, likamrudia sikioni sehemu ya sekunde baadaye, naye mara nyingi hunyamaza kwa adabu au huulaumu mtandao. Ndiyo maana vifaa vilivyomo katika mwongozo huu vimepangwa kwa kigezo kimoja kinachotangulia bei, umbo na uzito wa besi, nacho ni kiasi ambacho kifaa kinaijua sauti kinayoitoa chenyewe.

Kifaa hufutaje mwangwi?

Sauti ikishatoka kwenye spika, sehemu yake huingia kwenye maikrofoni moja kwa moja, na nyingine hugonga meza, dari, kuta na vioo kabla ya kufika. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya mita 10 ya kwenda ukutani na kurudi huichelewesha kwa milisekunde 29 hivi. Hata hivyo ukuta hauko mmoja, na sauti haigongi mara moja tu. Chumba kisicho na mapazia wala zulia huendelea kuvuma kwa muda, na maikrofoni hupokea mkia mrefu wa nakala za neno lile lile. Mkia huo ukimrudia msemaji papo hapo hachukizwi nao, kwa kuwa unajificha ndani ya sauti yake mwenyewe; ukichelewa kwa sababu ya mtandao, unamkatiza katikati ya sentensi.

Simu za spika za zamani zilikwepa tatizo hili kwa swichi: upande mmoja ukisema, maikrofoni ya upande wa pili inazimwa. Wazo la kufuta mwangwi badala ya kuzima maikrofoni lilikomaa katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, ambako Man Mohan Sondhi alichapisha mwaka 1967 maelezo ya kifuta mwangwi kinachojirekebisha. Wakati ule shida iliyokuwa mbele yao ilikuwa mwangwi wa laini za simu za masafa marefu, lakini kanuni ndiyo hiyo hiyo inayotumika leo mezani. Kifaa huchukua nakala ya sauti inayoelekea kwenye spika, ambayo hapa tutaiita sauti ya rejea, huipitisha kwenye chujio la kihesabu linaloiga tabia ya chumba, kisha huondoa matokeo yake kwenye kile ambacho maikrofoni imesikia. Hesabu ikiwa sahihi, kinachobaki ni sauti yako pekee.

Chujio hilo huanza kazi bila kukijua chumba. Hujifunza kwa kutazama mabaki ya mwangwi na kujirekebisha kidogo kidogo ili yapungue, maelfu ya mara katika kila sekunde. Kwa sauti inayopimwa mara 16,000 kwa sekunde, mkia wa milisekunde 200 unahitaji chujio lenye namba 3,200 zinazorekebishwa kila wakati. Ndiyo maana mwenzako anaweza kusikia mwangwi katika maneno yake ya kwanza, kisha ukatoweka wenyewe. Na ukifunua kompyuta mpakato kando ya spika, kioo chake hugeuka kuwa ukuta mpya na mwangwi ukarudi kwa kitambo mpaka chujio lijifunze upya.

Kazi huwa ngumu zaidi watu wawili wanaposema kwa pamoja. Sauti yako huonekana kwenye chujio kama kosa linalohitaji kusahihishwa, na chujio lisipotambua kwamba wewe ndiye unayesema, litaharibu lilichokwisha kujifunza. Kifaa kizuri hutambua hali hiyo, husimamisha kujifunza kwa muda na kuendelea kufuta kwa kile kinachokijua. Kifaa duni hurudi kwenye ujanja wa zamani, yaani hukubana sauti mpaka mwenzako anyamaze. Hapa mnunuzi asikubali kudanganyika: spika ambayo haina mwangwi kabisa lakini inameza nusu ya maneno yako kila mwenzako anapokohoa haijafuta chochote, imekuzima tu.

Nafasi ya kwanza: spika ya mikutano ya USB, yenye spika na maikrofoni katika ganda moja

Ukiwa peke yako mbele ya kompyuta na hujali kuvaa kitu kichwani, nunua hedifoni zenye maikrofoni na uache kusoma hapa, kwa sababu sauti isiyotoka hewani haina mwangwi wa kufutwa. Mpangilio huu unawahusu wanaotaka mikono na masikio viwe huru, au walio zaidi ya mmoja chumbani.

Kwa hao, kifaa cha ganda moja kinachounganishwa kwa waya ndicho ningekinunua bila kusita. Umbo lake lilijulikana sana kupitia SoundStation ya Polycom ya mwaka 1992, iliyokuwa na miguu mitatu, spika katikati na maikrofoni kwenye miguu. Umbo hilo lina sababu. Umbali kati ya spika na kila maikrofoni haubadiliki kamwe, kwa hiyo ile sehemu ya mwangwi inayopita moja kwa moja, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inajulikana tangu kiwandani, na mtengenezaji anaweza kuelekeza upande wa maikrofoni usiosikia vizuri kwenye spika. Zaidi ya hapo, hesabu yote hufanyika ndani ya kifaa, sauti ya rejea ikichukuliwa hatua chache tu kabla ya kutoka hewani, na spika pamoja na maikrofoni zikifuata saa moja ya ndani, yaani kile kinachopanga muda wa kila kipimo cha sauti. Faida ya saa hiyo itaonekana tutakapofika nafasi ya mwisho.

Katika maelezo ya kifaa tafuta kauli kwamba pande zote mbili zinaweza kusema kwa wakati mmoja, lakini usiiamini kwa kuisoma tu, kwa kuwa kila boksi linaidai. Pendekezo P.340 la ITU-T, kitengo cha viwango vya mawasiliano cha Umoja wa Mataifa, linaloshughulikia simu za spika huzigawa katika aina: aina ya 1 ni ile inayoruhusu mazungumzo ya pamoja kikamilifu, aina ya 2 yenye madaraja yake huyaruhusu kwa sehemu, na aina ya 3 haiyaruhusu. Mtengenezaji anayetaja aina ya kifaa chake amejifunga kwa kauli inayoweza kupimwa. Takwimu za desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti, zina uzito mdogo kidogo; kupunguza mwangwi kwa desibeli 30 ni kupunguza nguvu yake mara 1,000, jambo ambalo ni zuri sana, ila kipimo hicho kinaweza kuchukuliwa katika chumba tulivu huku mtu mmoja tu akisema.

Nafasi ya pili: kifaa hicho hicho, bila waya

Wengi hudhani kwamba Bluetooth huharibu ufutaji wa mwangwi. Katika spika ya mikutano yenye kifuta mwangwi chake cha ndani haiharibu, kwa sababu mwangwi huwa umekwisha kufutwa kabla sauti haijarushwa hewani. Hasara ziko kwingine: safari ya bila waya huongeza ucheleweshaji, betri huisha mkutanoni, na muunganisho wa kizamani hubeba sauti ya simu iliyopimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, ambayo husikika nyembamba. Chagua inayokuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka kwenye USB, na iwe inakubali waya pia.

Nafasi ya tatu: upau wa sauti wenye kamera

Huu ni spika ndefu nyembamba inayowekwa karibu na skrini, ikiwa na maikrofoni na kamera ndani yake. Kwa chumba kikubwa huenda usiwe na chaguo jingine, na watengenezaji makini huweka maikrofoni nyingi zinazoelekeza usikivu kwa anayesema. Hata hivyo fizikia haipo upande wake. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo anayekaa mita 4 kutoka kwenye upau hufika akiwa amefifia kwa desibeli 12 kuliko aliye mita 1, ilhali spika bado iko sentimita chache kutoka kwenye maikrofoni zile zile. Mwangwi haujapungua, sauti ya kuokolewa ndiyo iliyopungua. Ukinunua kifaa cha namna hii, tenga fedha za maikrofoni ya ziada ya kuweka mezani, na iwe ya mfumo ule ule.

Nafasi ya nne: simu au kompyuta uliyo nayo

Hii haigharimu kitu na ni bora kuliko inavyodhaniwa. Tangu Google ilipoufungua kwa umma mradi wa WebRTC, programu huria ya kupiga simu za sauti na video kupitia kivinjari, mwaka 2011, kifuta mwangwi kizuri kimekuwa bure kwa kila kivinjari na programu inayokitaka. Udhaifu uko kwenye spika yenyewe. Spika ndogo ikisukumwa hadi kiwango cha mwisho hutetemesha ganda na kutoa sauti ambazo hazimo kwenye sauti ya rejea, na chujio haliwezi kuondoa lisichokijua. Punguza sauti kidogo, na mara nyingi mwangwi huondoka wenyewe. Kwa mtu mmoja au wawili inatosha.

Nafasi ya mwisho: spika ya muziki na maikrofoni ya kando

Mchanganyiko huu hununuliwa na watu wanaopenda sauti nzuri, na kila kimoja kinaweza kuwa bora peke yake. Tatizo ni kwamba vina saa mbili. Tuseme saa hizo zinapishana kwa sehemu 50 tu katika milioni: kwa sauti inayopimwa mara 16,000 kwa sekunde, mwangwi utakuwa unasogea kwa vipimo 0.8 kila sekunde, na baada ya sekunde 20 utakuwa umesogea kwa vipimo 16, yaani milisekunde 1 nzima. Chujio linajifunza chumba ambacho, kwa jinsi linavyokiona, kuta zake hazikomi kutembea. Muunganisho wa Bluetooth wa muziki huongeza juu yake ucheleweshaji mrefu usiotabirika. Zipo programu zinazojitahidi kukisia tofauti hiyo, na nyingine hufanikiwa kwa kiasi, lakini sioni sababu ya kulipa ili kuanzisha tatizo ambalo kifaa cha ganda moja hakina.

Jinsi ya kujaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Mwombe mwenzako avae hedifoni na akae mahali tulivu, ili mwangwi wowote atakaousikia uwe umetoka kwako. Kwanza aseme huku umenyamaza, akueleze kama maneno yake yanarudi baada ya sekunde chache za mwanzo. Kisha ahesabu moja hadi ishirini kwa sauti huku wewe unasoma chochote bila kusimama. Muulize ni maneno gani yalikatika, nawe sikiliza kama kuna namba zilizopotea. Rudia yote mawili sauti ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Ukisikika kama uliye ndani ya maji, angalia kama kifaa na programu ya mkutano vyote viwili vinafuta mwangwi kwa wakati mmoja, kwa kuwa huweza kuvurugana. Zima cha programu ikiwa mipangilio inaruhusu, kisha ujaribu tena. Kifaa kinachoshindwa kwa sauti ya juu pekee bado kinafaa chumba kidogo. Kinachoshindwa hesabu ya pamoja kwa sauti ya wastani, kirudishe.