Kozi ya mambo ya kiroho kwa mameneja wa miradi, nimeimaliza na haya ndo maoni yangu

Nilipomwambia mwenzangu kazini kwamba nimejiandikisha kozi ya mtandaoni ya mambo ya kiroho kwenye usimamizi wa miradi alicheka akasema miradi ina uroho wa kutosha tayari, hiyo kozi ya nini tena. Jamani kiroho sio uroho, japo ukikaa meza moja na watu wa bajeti unaona kabisa hayo mawili yanapakana.

Ni wiki 6, video unaangalia mwenyewe alafu kila wiki kikao kimoja laivu na mkufunzi. Jina la waandaaji siliweki maana malalamiko ninayo na sitaki vita na mtu. Niliingia kwasababu nilikuwa nasimamia mradi wa kuhamisha taarifa za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, miezi minne nafanya kazi roho juu, simu ikitetemeka usiku na mimi natetemeka nayo.

Nilitegemea mahubiri, sikuyakuta, na hapo nawapa maksi zote. Mkufunzi alianzia kwa Ashmos na Duchon, wale watafiti wawili walioandika kuhusu jambo hili mwaka 2000, kwao kiroho kazini ni vitu vitatu, mtu ana maisha ya ndani, anataka kazi yenye maana, na anataka awe mmoja kati ya wenzake. Dini yako unaileta mwenyewe kama unayo. Darasani tulikuwa na wa msikitini, wa kanisani na kaka mmoja aliyesema yeye anaamini Excel tu, na hakuna aliyesukumwa kuomba wala kufumba macho. Alafu akatuonyesha kwamba hata PMI, ile taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi, kwenye mwongozo wao toleo la 7 la 2021, kanuni ya kwanza kati ya zile 12 ni uwakili, yaani unatunza kitu ambacho sio chako. Mi nimesoma ule mwongozo kwa ajili ya mtihani na hiyo kanuni niliipita kama napita kibao cha barabarani.

Sasa kilichonifanya niandike hii rivyu ni zoezi la wiki ya 3. Unaanza kikao cha timu kwa dakika moja ya kimya, simu zimelala kifudifudi, kisha badala ya kuuliza "umefikia wapi" unauliza "nini kinakukosesha usingizi kwenye hii kazi". Niliona aibu kulifanya, kweli tena, nikawaambia ni jaribio tu msinicheke. Dakika ikapita, mmoja anacheza na kalamu, mwingine anaangalia dari. Alafu dada anayeshughulika na uhamishaji wa data, ambaye kwenye ripoti wiki tatu mfululizo kaweka kijani, yaani kila kitu kinaenda sawa, akasema polepole kwamba kuna rekodi za wateja zinajirudia na hajui kwanini, na alikuwa anaona haya kusema kwasababu kila mtu kaweka kijani. Tukiwa na siku 9 kabla ya kuwasha mfumo mpya! Tulisogeza tarehe, bosi alinuna, lakini fikiria tungeligundua hilo wateja wakiwa ndani. Hakuna rejista ya vihatarishi, ile orodha ya mambo yanayoweza kuharibu mradi, iliyokuwa imelinusa, na rejista yetu ilikuwa nzuri, nilijaza mwenyewe.

Kwa hiyo kwangu kiroho kwenye mradi nimeielewa hapo, sio utulivu wa kuvuta pumzi, ni mtu kuweza kusema kweli bila kuogopa kutobolewa macho.

Ndo maana wiki ya 5 iliniudhi sana. Somo lilikuwa shukrani na subira, na mfano wao ni timu iliyofanya kazi wikiendi mfululizo ikafundishwa kuandika kila jioni mambo matatu ya kushukuru, eti morali ikapanda. Subirini kwanza. Hiyo timu inahitaji watu wawili zaidi au upeo wa kazi upunguzwe, daftari la shukrani ni kumpaka mgonjwa mafuta wakati mguu umevunjika. Niliuliza kwenye laivu, kwanini tusiongelee mpango mbovu uliowafikisha huko? Nikajibiwa nitazame upinzani ulio ndani yangu. Hapo ndo mambo ya kiroho yanapogeuka kuwa shuka la kufunikia uzembe wa wakubwa, na kozi nzima haina hata somo moja la namna ya kumwambia mdhamini wa mradi "hapana".

Kingine walichoacha ni lile zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein aliloliandikia mwaka 2007, mnakaa kabla ya kuanza mnajifanya mradi umeshakufa na kila mtu anaandika umekufa kwa nini. Klein hakulileta kama jambo la kiroho lakini lingekaa vizuri kabisa pembeni ya ile dakika ya kimya, maana yote mawili yanamruhusu mtu ataje hofu bila kuitwa mkosi.

Video ni ndefu zaidi ya inavyostahili, mziki wa filimbi nyuma ya kila slaidi nikaishia kuweka spidi ya 1.5 na filimbi ikawa kama king'ora. Kikao cha laivu nacho kinajaa, ukichelewa kunyoosha mkono hupati zamu.

Nyota 3 kati ya 5. Wiki ya 1 hadi ya 4 chukua bila kujiuliza hasa kama timu yako ripoti zake ni kijani muda wote, ya 5 ruka, ya 6 ni marudio. Cheti changu kimekuja jina limekosewa herufi, nimewaandikia mara mbili, jana wamenijibu niwe na subira.