Uzoefu wangu: vyungu vya Magdalene Odundo, ana kwa ana

Kwa anayejiuliza kama kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo zinastahili nauli, jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita. Mimi nilizikuta Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2019, jumba la The Hepworth Wakefield lilipoweka pamoja zaidi ya kazi zake 50 katika maonyesho ya The Journey of Things. Kabla ya hapo nilikuwa nimeziona kwenye simu tu, na simu inazipunja sana. Pichani unaona chungu cheusi kinachong'aa, basi.

Chukua kile kilichoniganda. Tumbo limejaa kama la mja mzito, shingo ndefu, mdomo umepanuka. Rangi ni ya chungwa inayoelekea wekundu, halafu ubavuni weusi umepanda bila mpaka wa wazi. Ukisimama mbele yake utaapa kwamba pande zote zinalingana. Sogea kidogo kulia, shingo inaanza kuinama, na vinundu vidogo ambavyo hukuviona vinatokeza mgongoni. Nilikizunguka mpaka mlinzi akaanza kunitupia jicho. Kugusa marufuku, bila shaka, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Mama huyu hatumii gurudumu. Anatoboa bonge la udongo, anavuta kuta juu kwa mkono, anaongeza kamba za udongo, na anakwangua kwa kipande cha kibuyu. Ndiyo maana vingi vina umbo la kibuyu hasa, au la mwili wa mtu, na mara nyingine huwezi kuamua ni kipi. Ule mng'ao nao si kile kipako cha kioo cha vikombe vya dukani. Ni udongo laini mno uliochujwa, ukapakwa juu, kisha ukasuguliwa kwa subira. Kikichomwa hewa ikipita vizuri, chungu kinatoka na rangi hiyo ya chungwa. Kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa, moshi unaingia ndani ya udongo na kuutia weusi. Kwa hiyo yale mabaka si ya brashi, ni ya moto.

Vitu vingine alivyopanga kando ya vyake, vyungu vya kale na sanamu za wasanii wengine, nilivipitia haraka. Vizuri, ila sikwenda kwa ajili ya hivyo.

Safari yake ndiyo iliyonifanya nirudi kusoma zaidi nyumbani. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na kazi ya kwanza ilikuwa michoro ya matangazo. Alipokwenda Cambridge, Uingereza, mwaka 1971 bado hakuwa mfinyanzi. Udongo ulimpata akiwa masomoni, na mwaka 1974 akaenda Nigeria, kituo cha ufinyanzi cha Abuja ile ya zamani inayoitwa Suleja siku hizi. Huko alijifunza kwa akina mama, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye Wanaijeria wamemweka kwenye noti ya naira 20. Baadaye akawatembelea wafinyanzi wa San Ildefonso, New Mexico, Marekani, mabingwa wa vyungu vyeusi, kisha akamaliza Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1982. Mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame, heshima ya taifa la Uingereza. Yaani msichana wa Nairobi alipita Uingereza ndipo akafika kwa mama wa Kiafrika anayefinyanga kwa mkono! Sisi tuliosoma sanaa shuleni Kenya, angalau darasa langu, hatukutajiwa jina lake hata siku moja, na hilo bado linanikera.

Kama uko London au unapita, British Museum na Victoria and Albert Museum zote zina kazi zake, na kiingilio cha kawaida ni bure. Ila angalia kwanza kwenye tovuti zao ni kipi kimewekwa nje, maana makumbusho huficha zaidi ya wanavyoonyesha. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Watoto wadogo washike mkono, na begi la mgongoni livaliwe kifuani.