Uzoefu wangu na Chevrolet Corvair Monza ya 1965, gari lililobeba kesi ya kaka zake

Natumia Corvair Monza ya 1965, milango minne, otomatiki, injini ya nguvu za farasi 110, na nimeshaiendesha hapa Ohio kiangazi na baridi vya kutosha mpaka naona nina cha kusema, maana kila nikisimama sheli lazima atokee mzee wa kizungu aniambie hilo gari linaua watu.

Naanza na hilo la kuua kwa sababu ndo wengi wanalolijua. Corvair ilitoka mwishoni mwa 1959 kama modeli ya 1960, mwenye mradi alikuwa injinia Ed Cole wa Chevrolet, na kwa Marekani ya wakati ule kilikuwa kitu kigeni kabisa, injini iko nyuma, silinda sita zimelala tatu huku tatu kule, aluminiamu, inapozwa kwa upepo, hamna rejeta hamna maji. Shida ilikuwa miguu ya nyuma, yaani saspensheni. Kila ekseli ilikuwa na joint moja tu, pale karibu na difu, upande wa tairi hamna, kwahiyo ukiingia kona kwa kasi na uzito mwingi uko nyuma, bodi inanyanyuka, tairi la nje linajikunja kuingia chini ya gari na mkia unakukimbia. Dawa yake ilijulikana, stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayozuia bodi isilale kwenye kona, wakaiacha ili kubana gharama, wakategemea presha ya tairi tu: mbele paundi 15, nyuma 26. Sasa jamani, kijana wa sheli mwaka 1961 atajuaje kwamba tairi la mbele linataka paundi 15? Anajaza zote sawa, gari linaondoka, na kinga yenyewe ndo imeshatolewa.

Ndo maana mwanasheria Ralph Nader alipotoa kitabu chake cha usalama wa magari 1965 sura ya kwanza ilikuwa Corvair, na mi kwenye hilo niko upande wake kabisa. General Motors, wenye Chevrolet, badala ya kumjibu wakamtumia wapelelezi wachunguze maisha yake binafsi, mpaka Machi 1966 rais wa kampuni James Roche akaomba radhi mbele ya maseneta, na mwaka uleule ikapita sheria ya usalama wa magari. Baadaye, 1972, serikali ikatoa ripoti kwamba Corvair za 1960 mpaka 1963 hazikuwa hatari kuliko magari mengine ya rika lake. Wapenzi wa Corvair wanaishika sana hiyo ripoti kana kwamba imefuta kila kitu. Mi naona haijafuta, imesema tu kwamba wenzake nao walikuwa wabaya.

Ila hapa ndo watu wanachanganya mambo, ile ni kesi ya magari ya mwanzo. 1964 waliweka stabilaiza mbele na springi ya pati imelala kwa upana nyuma, halafu 1965 wakatupa mfumo wote wa nyuma wakaleta mwingine, kila shafti ina joint mbili, tairi linabaki limesimama, wazo lilelile la Corvette ya 1963, gari la spoti la Chevrolet. Mwaka huohuo kitabu kikatoka na jina likafa.

Langu nalipeleka barabara za Hocking Hills, kule ni kona juu ya kona na milima, na kiukweli nafurahi kila mara. Usukani hauna pawa na hauhitaji, kwa sababu mbele hamna injini ya kuelemea, unaugeuza kwa mkono mmoja. Linatulia, halilali kwenye kona kama meli za kimarekani za miaka ile. Sauti ya injini iko nyuma yako mbali, sakafu ya mbele karibu iko flati kwa kuwa hamna propela shafti inayopita katikati, miguu inapata nafasi. Gia ni mbili tu, hiyo ndo Powerglide, otomatiki ya Chevrolet, kwenye mlima inalia sana, na lever yake ni kijiti kidogo kwenye dashibodi ambacho hakina P, ile ya kufunga gari ukipaki, kwahiyo ukipaki ni handbreki, na handbreki yako iwe nzima kweli.

Umbo ndo lililonifanya nilinunue. Ukitaja gari la kimarekani la baada ya vita kila mtu anaona Cadillac ya 1959 na yale mapezi yake ya mkiani, mtindo ambao Harley Earl, mkuu wa ubunifu General Motors, aliuanzisha kwenye Cadillac ya 1948 baada ya kuona ndege ya kivita ya P-38, na miaka kumi baadae mapezi yamepanda mpaka yakaisha maana. Tumekaririshwa kwamba huo ndo ubunifu wote wa Detroit. Nenda kaangalie Corvair ya 1965, iliyochorwa chini ya Bill Mitchell aliyemrithi Earl, hamna pezi hata moja, kromu kidogo tu, bodi imebinywa kiunoni halafu ikajaa juu ya tairi la nyuma, na milango minne haina nguzo katikati, ukishusha vioo vyote ubavu mzima uko wazi. Huo ni mkono wa mtu aliyejua kuacha, na nauona mzuri kuliko Mustang ya Ford. Lakini Mustang ilikuwa na V8 na bei nzuri, ndo iliyolimaliza sokoni kabla hata kelele hazijakolea: 1965 Corvair zaidi ya 230,000, 1966 zikashuka kama 100,000, na 1969 zikatengenezwa 6,000 wakafunga.

Mabaya yapo na siyafichi. Breki ni drum kote na pampu ni ya saketi moja, bomba likipasuka huna breki kabisa, ya saketi mbili ilikuja 1967. Steering kolomu ya 1965 ni chuma kigumu hakijikunji ukigonga. Mikanda ni ya kiunoni tu. Na Corvair zinajulikana kwa kuvuja oili kwenye sili za mirija ya pushrod, vile vifimbo vinavyofungua valvu, jambo ambalo si la uchafu tu, kwa sababu hita inachukua hewa inayopita kwenye silinda, oili au moshi wa egzosti ukivuja vinaingia ndani kwa abiria.

Kwahiyo ukienda kuangalia moja, washa injini ipate moto, funga vioo, fungua hita, unuse. Lala chini uangalie sili, mafundi wengi wanaweka za Viton, mpira unaovumilia joto na oili, zinadumu. Angalia fenibelti, inajipinda kwenda kuzungusha feni iliyolala juu ya injini, ikikatika simama hapohapo maana injini haipozwi tena. Badilisha pampu ya breki iwe ya saketi mbili kabla hujaanza kutembea nalo, na presha za tairi fuata kitabu cha gari, sio mazoea ya sheli.